Mwanga wa Kusikilizia Mbingu

Wengine wenu mmetuuliza: wataalamu wanasema wamesikia mashimo meusi mawili yakigongana mbali kupita nyota tunazoziona; walisikia kwa masikio gani? Walisikia kwa mwanga.

Mwaka 1916 Profesa Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba vitu vizito sana vikizungukana, nafasi yenyewe hutikisika, na mtikisiko huo husafiri kama mawimbi ya ziwa. Lakini ni mdogo mno. Hata yeye mwenyewe mwaka 1936 aliutilia shaka. Kule Marekani, Joseph Weber akatengeneza magogo ya alumini, akitumaini yatalia kama kengele. Mwaka 1969 akatangaza kwamba yamelia. Wengine wakatengeneza yao, wakangoja, wasisikie kitu. Weber alishikilia neno lake mpaka kufa, mwaka 2000. Sisi hatumcheki: yeye ndiye aliyethubutu kwanza.

Rainer Weiss aliandika njia nyingine mwaka 1972. Mwali wa lazeri unagawanywa. Kila nusu inapita katika bomba refu lisilo na hewa, inagonga kioo, inarudi. Zikikutana tena, hufutana, na pahali pa kupimia pakabaki giza. Bomba moja likirefuka hata kidogo, mwanga unatokea. Ndivyo ilivyojengwa LIGO, huko Louisiana na Washington: mabomba ya kilometa 4, vioo vya kilo 40 vikining'inia kwa nyuzi za kioo. Tarehe 14 Septemba 2015 ikasikia. Badiliko la urefu lilikuwa dogo mno kuliko upana wa protoni!

Kumbe, mwanga nao una kelele. Hufika tone kwa tone, kama mvua juu ya mabati. Na nani atasikia mnong'ono chini ya mabati? Ukiongeza nguvu ya lazeri, hesabu ya matone inatulia, lakini matone mengi yanasukuma vioo. Mwaka 1981 Carlton Caves alionyesha kwamba mwanga waweza kubanwa: fujo ipunguzwe upande tunaoupima, iongezeke upande tusioujali. GEO600, karibu na Hannover, Ujerumani, ilianza kuutumia mwaka 2010; LIGO, pamoja na Virgo ya Italia, mwaka 2019. Kisha LIGO ikaongeza bomba la meta 300 la kuutengeneza mwanga huo, ili ufae kwa sauti nene na nyembamba pia. Katika kazi iliyoanza Mei 2023, migongano ikasikika kila baada ya siku chache.