Dau la Mnyonge: Majina ya Vyombo Vidogo vya Majini



Hapa Gatsata hatuna bahari. Tuna mto Nyabugogo, utokao Ziwa Muhazi na kwenda kuungana na Nyabarongo. Labda ndiyo sababu kila ukutanapo na jina la chombo cha majini katika kitabu cha Kiswahili, huandika pembeni neno moja tu: ubwato. Hujakosea, lakini umepoteza mengi.

Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa na kukombwa ndani. Huendeshwa kwa kafi linaloshikwa mikononi, au kwa upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chini ya maji. Kabla ya madaraja, wazee wetu waliuvuka Nyabarongo kwa mitumbwi. Mtumbwi ukitiwa tanga na mbao mbili za ubavuni zinazouzuia usipinduke, huitwa ngalawa, chombo cha wavuvi wa Unguja na pwani ya Tanzania.

Mashua haichongwi; huundwa kwa mbao. Huenda kwa tanga au kwa makasia, ambayo, tofauti na kafi, hushikizwa ubavuni mwa chombo. Zingatia kitenzi kuunda: ni kitenzi cha mafundi wa vyombo, nasi leo twakitumia tusemapo kuunda kamati au kuunda serikali.

Hori ni mtumbwi mdogo. Pia ni chombo cha kulishia ng'ombe. Usishangae. Litazame umbo la umuvure unaotengenezewa pombe ya ndizi, nawe utaona jinsi gogo lililokombwa linavyoweza kufaa nyumbani na majini.

Dau nalo lina maana mbili: chombo kidogo chenye ncha mbele na nyuma, na fedha inayowekwa katika mchezo wa bahati. Wahenga walisema: Dau la mnyonge haliendi joshi. Kwenda joshi ni kusafiri kwa kuukabili upepo. Mnyonge, basi, huenda upepo unakompeleka.

Je, methali hiyo ni hukumu ya milele? Itazame historia ya Kiswahili nchini Rwanda. Kiliingia pamoja na wafanyabiashara na askari wa enzi za Wajerumani. Kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa lugha ya Nyamirambo na ya sokoni, na wengi walikidharau. Mwaka 2007 Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Dau lile la mnyonge limekwenda joshi, kwa sababu waliokuwamo hawakuacha kupiga makafi.

Zoezi la wiki hii: muulize mzee wa nyumbani kwenu jinsi watu walivyovuka mto zamani. Kisha andika aya moja ukitumia maneno haya: mtumbwi, kafi, upondo, kuvuka na kuunda. Usiandike ubwato.