Lenye Utata au Linalobishaniwa? Msamiati wa Hoja na Matuta ya Uluguru, 1955

Neno la Kiingereza *arguable* lina sura mbili: dai linaloweza kutetewa na dai linaloweza kupingwa. Kiswahili humlazimu mwandishi kuchagua, na historia ya Uluguru yaonyesha uzito wa uchaguzi huo. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba matuta ya ngazi yangezuia mmomonyoko. Wakulima Waluguru walipinga: kuyachimba kulikuwa kazi nzito, tena kulifukia udongo wenye rutuba. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo. Dai hilo likiitwa “lenye utata”, ugumu huonekana umo katika udongo wenyewe. Likiitwa “linalobishaniwa”, wabishi wenyewe hujitokeza, na wakulima hurejea katika historia wakiwa watu wa hoja, si wakaidi tu.