Mpishi wa Merca: Ndui Ilivyomalizikia kwa Jirani Zetu



Ndugu wasomaji, wazee wetu wengi wana kovu la chanjo ya ndui mkononi, mbali na lile la chanjo ya kifua kikuu ambalo hata vijana wanalo. Ugonjwa wenyewe watoto wetu hawaujui, Alhamdulillah. Lakini ni vizuri wajue ulimalizikia wapi, kwani ilikuwa kwa jirani zetu, katika mji wa Waislamu wa Merca, pwani ya Somalia, kusini ya Mogadishu.

Ndui ilikuwa ugonjwa gani?

Ndui ilisababishwa na virusi vilivyopita kwa pumzi na kwa kukaa karibu na mgonjwa. Ilianza kwa homa kali, kisha mwili ukajaa upele wenye usaha, hasa usoni, mikononi na miguuni. Aina kali iliua watu kama 3 katika kila 10, na wengi waliopona walibaki na makovu au upofu. Aina iliyobaki Pembe ya Afrika ilikuwa nyepesi zaidi, lakini nayo iliua.

Ugonjwa huu ulikuwa na udhaifu wake. Haukuishi kwa mnyama yeyote, ila kwa binadamu tu, na chanjo yake ilikuwa nzuri. Kwa hiyo mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizidisha kampeni ya kuumaliza kabisa. Njia ilikuwa ni kumtafuta kila mgonjwa, kumtenga, na kuwachanja wote waliokuwa karibu naye. Kufikia Agosti 1976 ndui ilikuwa imekwisha Ethiopia. Ikabaki Somalia, ambako mwaka 1977 walipatikana wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wafugaji wanaohamahama.

Safari fupi ndani ya gari

Ali Maow Maalin alikuwa kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali ya Merca. Tarehe 12 Oktoba 1977 lilifika gari likiwa na watoto wawili wenye ndui, na dereva hakuijua njia ya kufika mahali walipotakiwa kupelekwa. Ali akapanda kumwonyesha njia. Safari ilikuwa ya dakika chache tu.

Ajabu ni kwamba Ali aliwahi kufanya kazi ya muda katika kampeni hiyo hiyo ya chanjo, lakini mwenyewe hakuwa na kinga. Miaka mingi baadaye alieleza kuwa aliogopa sindano, aliona inauma.

Baada ya siku kumi akashikwa na homa. Kwanza ikadhaniwa ni malaria. Upele ulipotoka, ikasemwa ni tetekuwanga, akaruhusiwa kwenda nyumbani, na marafiki wakawa wanakuja kumjulia hali. Yeye alianza kushuku, lakini hakutaka kutengwa, akanyamaza. Tarehe 30 Oktoba mfanyakazi mwenzake akatoa taarifa, kwani zawadi ya fedha ilikuwa imetangazwa kwa atakayemfichua mgonjwa wa ndui.

Hapo mji mzima ukaingia kazini. Walitafutwa watu 161 waliokuwa wamekutana na Ali, na wakafuatiliwa wiki sita. Hospitali ilifungwa isipokee wagonjwa wapya. Polisi waliweka vizuizi njiani, na wapita njia wakachanjwa. Wachanjaji walikwenda nyumba kwa nyumba, na katika wiki mbili walichanjwa watu 54,777. Msimu wa Hija ulikuwa unakaribia, na hofu ilikuwa ndui isije ikasafiri na mahujaji.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na Ali, naye akapona. Mwaka 1978 watu wawili waliugua Uingereza kutokana na virusi vya maabara, na mmoja akafa. Lakini kwa maambukizi ya kawaida, Ali ndiye wa mwisho duniani. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kuwa ndui imetokomezwa.

Ali anarudi kazini

Miaka ya 2000 Ali alijitolea katika kampeni ya polio Somalia. Alipokutana na wazazi wanaokataa chanjo, hakuwagombeza. Aliwasimulia yaliyompata: kwamba yeye naye aliikimbia sindano, na ugonjwa ukamfuata hadi mlangoni. Wengi walimsikiliza, kwa sababu alikuwa ndugu yao na aliyaonja mwenyewe.

Polio ya asili ilitoweka Somalia mwaka 2007, lakini Mei 2013 ilirudi, ikavuka hadi kambi za Dadaab, Kenya. Ali akatoka tena kuchanjisha katika eneo la Merca. Akiwa katika kazi hiyo alishikwa na malaria, akafariki Julai 2013. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tunajifunza nini?

Kwanza, mlango wa maradhi huwa mdogo. Mji unaweza kuchanjwa, na mtu mmoja mwenye hofu akatosha kuuweka wazi.

Pili, kuficha mgonjwa si kumsitiri. Waliokuja kumjulia hali Ali walikuwa watu anaowapenda, na hao ndio aliowaweka hatarini zaidi. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham alipata habari ya tauni, akaamua kugeuza msafara. Kisha Abdurrahman bin Awf (R.A.) akamfahamisha kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuingia mji wenye tauni, na pia kuutoka kwa kuikimbia. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakukuwazuia kuchukua hadhari.

Tatu, mzazi anayeogopa asidharauliwe. Hofu ya Ali haikuwa ya ujinga, kwani kazi ya chanjo aliijua. Mtu kama huyo anahitaji mwenye subira wa kukaa naye na kumweleza.

Basi enyi wazazi, tazameni kadi za kliniki za watoto wenu. Ikiwa chanjo ya surua au polio imepita, msione haya kuwapeleka sasa. Na mtoto akitoka upele na homa, apelekwe kwa daktari kabla ya kupelekwa madrasa.

Wabillahi tawfiq.