Mgambo na Balozi: Maneno Mawili ya Ulinzi Mpakani mwa Ruvuma

Wahenga walinena: la mgambo likilia lina jambo. Asili yake, mgambo ni mbiu ya pembe iliyowaita watu barazani. Iliwahusu raia kabla ya kuwahusu askari.

Mkoani Mtwara, kuanzia Rahaleo mjini hadi vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma, maana ya neno hilo ilipanuka wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilianza mapambano Septemba 1964. Wakimbizi walivuka mto, wengi wao Wamakonde waliopokelewa na wenzao wa lugha moja. Mgambo akawa raia aliyefunzwa kukilinda kijiji. Neno balozi nalo, ambalo hutaja mjumbe wa dola, likashuka hadi kwenye nyumba kumi.

Hapa pana utata. Balozi huyo alikuwa wa TANU, na mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja ukawa sheria. Jicho lililomtafuta adui liliweza kumtazama pia jirani mwenye rai tofauti. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, balozi alibaki wa chama, ilhali usalama ulikuwa wa wote.

Oktoba 2020, wavamizi kutoka Msumbiji waliposhambulia Kitaya, swali lilirudi: nani apige mbiu? Raia humpa taarifa anayemwamini, na imani hiyo haizaliwi na amri. Huzaliwa barazani, mwanakijiji anapoweza kuuliza naye akajibiwa.