Mila, Mkataba na Mahakama: Historia ya Haki ya Ardhi Bukoba na Muleba

Utangulizi

Katika madarasa ya siasa tumezoea kukutana na kauli mbili juu ya sheria. Ya kwanza inasema kwamba sheria ni mambo ya mawakili na mahakimu, kada hana haja nayo. Ya pili inasema kwamba mila ni mila, imetoka kwa wahenga, haiguswi. Kauli hizi zinaonekana kupingana, lakini matokeo yake ni yale yale: zote mbili zinamwacha mnyonge peke yake mbele ya baraza.

Katika makala haya tunakusudia kuzipima kauli hizo kwa historia ya ardhi katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Tumechagua eneo hili kwa sababu mila yake ya ardhi iliandikwa mapema, ikabishaniwa sana mahakamani, na ikazaa hukumu moja ambayo mwanafunzi yeyote wa sheria katika nchi yetu hana budi kuisoma. Swali letu la kuongoza ni moja. Kila mila ya ardhi ina gharama yake: je, gharama hiyo inalipwa na nani?

Kibanja, rweya na nyarubanja

Uchumi wa jadi wa Wahaya ulisimama juu ya kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ambamo baadaye kahawa ilishika nafasi kubwa. Udongo wa kibanja haukuwa zawadi tupu ya Mwenyezi Mungu. Ulirutubishwa kwa samadi na kwa majani yaliyokatwa katika rweya, yaani mbuga ya nyasi, kizazi baada ya kizazi. Wazee walizikwa humo humo. Wanawake walipanda maharage chini ya migomba na kulima njugumawe katika rweya. Kwa hiyo kibanja kilikuwa jasho lililolimbikizwa, na ndiyo maana ukoo ulikilinda kwa wivu.

Lakini juu ya ukoo alikuwapo Mukama. Katika falme za Buhaya, kama Kiziba, Kyamutwara na Ihangiro, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Muleba, Mukama aliweza kumgawia ndugu yake au kipenzi chake eneo pamoja na watu waliokuwa wakilima humo. Eneo hilo liliitwa nyarubanja. Mkulima aliyekuwa huru jana aliamka leo akiwa mtwarwa, mpangaji juu ya shamba alilolitengeneza kwa mikono yake. Alitoa sehemu ya mazao, alifanya kazi kwa bwana wake, na akikaidi aliweza kufukuzwa.

Mfumo huu ulikuwapo kabla ya wakoloni, lakini ulipanuka na kubadilika chini yao. Wajerumani walijenga boma Bukoba mwaka 1890, wakatawala kupitia wakuu wa jadi waliowatii. Waingereza waliwafuata na utawala wao wa kutumia machifu. Kahawa ilipoingia katika soko la dunia, shamba la mtwarwa likawa na thamani ambayo halikuwa nayo zamani, na kodi ya nyarubanja ikawa njia ya kuchuma fedha. Kilichoitwa mila ya kale kilikuwa sasa kinafanya kazi mpya.

Tuangalie pia nani alikuwa hakimu. Katika mahakama za wenyeji zilizoundwa na wakoloni, waliokalia kiti ni wakuu wale wale ambao wao au ndugu zao walikuwa na nyarubanja. Mtwarwa aliyelalamika alimpelekea bwana shauri dhidi ya bwana. Katika mazingira hayo hapakuwa na mkataba wa hiari kati ya watu wawili sawa, hata kama maneno ya upangaji yalitumika.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na kwa sheria ya mwaka huo huo mahakama za wenyeji zikaingizwa katika mfumo mmoja, Mahakama ya Mwanzo ikiwa ngazi yake ya chini. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria maalumu ya nyarubanja, iliyofungua njia ya kumfanya mtwarwa kuwa mwenye haki juu ya shamba analolilima. Mwaka 1968 sheria nyingine ikaipeleka kanuni hiyo kwa wapangaji wa kimila wa sehemu nyingine za nchi.

Somo la kwanza ni hili. Nyarubanja ilitetewa kwa jina la mila, na gharama yake ililipwa na mtwarwa peke yake. Ilipofutwa, Wahaya hawakuacha kuwa Wahaya. Migomba iliendelea kuzaa na koo ziliendelea kuwapo.

Mila inapoingia katika maandishi

Wakati nyarubanja inaelekea kaburini, mila nyingine ilikuwa inapewa nguvu mpya kwa kalamu. Mwaka 1945 Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyetumikia serikali ya kikoloni, alitoa pamoja na Hartnoll kitabu juu ya sheria za mila za Wahaya. Mahakimu wengi walikigeukia kitabu hicho kila walipotaka kujua mila inasema nini. Baada ya uhuru, Cory huyo huyo alishiriki katika kazi ya kuunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Matunda yake yalitangazwa mwaka 1963, na Tangazo la Serikali Namba 436 likashughulikia urithi.

Nia ya kuunganisha mila ilikuwa njema: taifa changa halikutaka raia wake wahukumiwe kwa kabila. Lakini kuandika mila ni kuipiga picha. Mila inayoishi hubadilika kwa mashauriano ya wazee na kwa mahitaji ya wakati; mila iliyoandikwa husubiri Bunge au jaji. Tena aliyeulizwa maswali siku ya kupiga picha kwa kawaida alikuwa mzee wa kiume.

Amri ile iliwapanga warithi katika madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza alikuwa wa daraja la kwanza, watoto wa kiume wengine wa daraja la pili, na mabinti wa daraja la tatu. Mjane hakuwa na fungu ikiwa marehemu aliacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto. Kanuni ya 20 ilisema kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ataitumia katika uhai wake lakini hawezi kuiuza, isipokuwa pale ambapo ukoo hauna mwanamume.

Hoja ya watetezi wa kanuni hiyo haikuwa ya kipuuzi. Walisema kwamba binti huolewa ukoo mwingine, na akiuza, makaburi ya wazee yataangukia mikononi mwa mgeni. Katika nchi yenye vibanja vichache na watu wengi, hofu hiyo ina mzizi. Lakini tuulize swali letu. Mwanamume wa Kihaya alipouza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wenzake, mauzo yake hayakuwa batili moja kwa moja. Ndugu wa ukoo alikuwa na haki ya kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyotoa. Mwanamke alipouza, mkataba ulikufa pale pale. Kwa mwanamume, ukoo uliilipia hofu yake. Kwa mwanamke, ukoo uliipata ardhi bure, naye akalipa yeye kwa umaskini wake.

Mahakama zilisita kugusa jambo hili. Mwaka 1968, katika shauri moja la ardhi ya ukoo, Mahakama Kuu ilisema kwamba si kazi yake kuamua kuwa mila imepitwa na wakati. Mabadiliko hayana budi kuanzia katika jamii yenyewe. Ni kauli ya unyenyekevu, lakini ilisahau kwamba mila iliyokuwa mbele yake ilikuwa tayari amri ya serikali.

Kutoka Kashasha hadi Mwanza

Lililobadilisha mambo ni Katiba. Mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi ilitoa mapendekezo ya marekebisho, na wananchi wakayajadili nchi nzima. Katika mjadala huo madai ya haki za binadamu yalijitokeza kwa nguvu, na mabadiliko ya mwaka 1984 yakaziingiza katika Katiba. Mahakama zilipewa uwezo wa kuzisimamia kuanzia Machi 1988, na sheria za zamani zikatakiwa zisomwe kwa namna inayolingana na haki hizo.

Miezi michache baadaye, tarehe 24 Agosti 1988, Bi Holaria Pastory wa Muleba aliuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku iliyofuata mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo ni batili. Mahakama ilikubaliana naye: mila iko wazi, fedha zirudishwe. Mahakama ya Wilaya Muleba ikatengua uamuzi huo kwa kutegemea haki za binadamu zilizomo katika Katiba. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu. Alisema kwamba kanuni ya 20 inawabagua wanawake, na kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania iliridhia, ukiwamo ule wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ulioridhiwa mwaka 1985. Ikumbukwe kwamba neno jinsia halikuwamo katika tafsiri ya ubaguzi ndani ya Katiba wakati huo. Liliongezwa mwaka 2000.

Wengi huishia hapo wakiisimulia hukumu hii, na hivyo huikosa sehemu yake yenye mafunzo zaidi. Jaji hakufuta haki ya ukoo. Alisema kwamba mwanamke sasa anauza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Ndugu wa ukoo akitaka ardhi ibaki, ana miezi sita ya kumrudishia mnunuzi shilingi 300,000. Asipofanya hivyo, ardhi ni ya mnunuzi. Mpwa aliyelia kwa ajili ya makaburi ya wazee aliambiwa alipe bei ya kilio chake. Ukoo ulibaki na haki yake. Kilichoondoka ni desturi ya kumtwisha mwanamke gharama yake.

Baada ya hukumu

Ingekuwa kosa kudhani kwamba hukumu moja imemaliza kazi. Tume ya Rais juu ya masuala ya ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji mwaka 1991 na 1992, ilionyesha jinsi migogoro ya ardhi ilivyokuwa imeenea nchini. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hii ya pili inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi ni batili kwa kiasi hicho, na inataka wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji.

Lakini katika urithi Amri ya 1963 ilibaki vitabuni. Mwaka 2005 wajane wawili waliomba Mahakama Kuu izitangaze kanuni zake kuwa kinyume cha Katiba. Mahakama ilikiri kwamba zina ubaguzi, ila ikaogopa kufungua mlango wa kupinga kila mila. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia ule mkataba wa wanawake iliona kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka haki za wajane hao. Umbali kati ya Mwanza 1990 na uamuzi huo ni miaka 25.

Hitimisho

Katika "Ujamaa Vijijini" ya mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikiri kwamba jamii ya jadi, pamoja na wema wake, iliwaweka wanawake mahali pa chini. Kukiri ni mwanzo. Historia tuliyoieleza inatuonyesha kwamba mabadiliko yalikuja kwa ngazi: mtu mmoja alikataa, mahakama ikasikia, Bunge likatamka. Ngazi ya mwisho, ambayo ni ngumu kuliko zote, ni kikao cha ukoo na baraza la kijiji. Huko jaji hayupo. Yupo mwenyekiti, wapo wazee, yupo binti aliyefiwa na baba, na huenda yupo kada.

Kada huyo hatakiwi kuitukana mila. Akiitukana hatasikilizwa, na mengi katika mila yanastahili heshima. Anatakiwa kuuliza mbele ya wote swali ambalo hukumu ya Mwanza ililijibu: kama ukoo wataka ardhi hii ibaki, uko tayari kuilipia, au wamtaka binti huyu ailipie peke yake?

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mila ya nyarubanja ilifutwa kwa sheria mapema, na mila ya urithi ikachelewa?

2. Je, kuandika mila kunamlinda mnyonge au kunamfunga? Toeni mifano ya mahali penu.

3. Katika kijiji chenu, mwanamke akitaka kuuza au kurithi ardhi ya ukoo, nani husikilizwa kwanza, na kwa nini?