Mwaka ambao watumiaji wa intaneti walipiga kura

Kwa siku kumi za mwanzo wa Oktoba 2000, mtu yeyote mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea, awe Accra, Tokyo, Berlin au Mombasa, aliweza kumpigia kura mjumbe wa bodi inayosimamia majina na namba za intaneti duniani, mradi awe na barua pepe na anwani ya posta, na awe amejiandikisha mapema. Uchaguzi wa namna hiyo haukuwahi kufanyika kabla, na tangu hapo haujarudiwa. Waliopiga kura walikuwa 34,035. Bara zima la Afrika lilitoa kura 130.

Namba hiyo ya mwisho ilikuja kutajwa na waliosema kwamba wananchi hawakuwa na haja na kura hiyo. Mimi naisoma kinyume kabisa, na historia yenyewe inanipa sababu.

Kila kompyuta iliyo kwenye intaneti ina namba yake, na kila jina la tovuti lazima lioane na namba fulani. Kwa hiyo lazima awepo mtunza daftari, la sivyo watu wawili watadai jina moja. Kwa miaka mingi mtunza daftari huyo alikuwa Jon Postel, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Southern California, mtu wa ndevu ndefu na maneno machache, aliyeianza kazi hiyo zamani mtandao ulipokuwa mradi wa utafiti wa jeshi la Marekani. Hakuchaguliwa na mtu. Aliaminiwa na wenzake, basi.

Imani hiyo ilipimwa Januari 1998. Postel aliwaandikia waendeshaji wa seva kuu za majina akiwataka wachukue orodha kutoka kwenye kompyuta yake, badala ya ile ya kampuni iliyokuwa na mkataba na serikali ya Marekani. Wanane kati ya kumi na wawili walitii. Serikali ilimtaka arudishe mambo yalivyokuwa, naye akarudisha, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Hata hivyo kila mtu alikuwa amekwisha kuona jinsi jambo kubwa namna ile lilivyoning'inia kwenye neno la mtu mmoja. Wakati huo biashara zilikuwa zimeingia mtandaoni, mabilioni ya dola yalikuwa yakitafuta pa kukaa, na serikali za nchi nyingine zilianza kuuliza kwa nini Washington ishike ufunguo peke yake.

Jibu la serikali ya Rais Clinton lilikuwa kuunda shirika lisilo la faida la kuitunza daftari hiyo. Liliandikishwa California tarehe 30 Septemba 1998 kwa jina la ICANN. Wiki mbili baadaye, tarehe 16 Oktoba, Postel alifariki dunia akiwa na miaka 55. Shirika jipya lilianza kazi likiwa limempoteza mtu pekee aliyekuwa akikubaliwa na karibu wote.

Hapo ndipo ilipotolewa ahadi iliyozaa kura ile. Bodi ilikuwa iwe na wakurugenzi 19, na tisa kati yao wachaguliwe na watumiaji wa kawaida wa intaneti. Ili kazi ianze, watu tisa waliteuliwa kwa muda, kwa mashauriano ya faragha, na manung'uniko yakaanza siku hiyohiyo. Watu waliuliza wateule hawa wamewekwa na nani na watakaa mpaka lini. Kwenye mkutano wa Cairo, Machi 2000, baada ya mabishano makali, bodi ilikubali nusu ya ahadi: wananchi wangechagua wakurugenzi watano moja kwa moja, mmoja kwa kila kanda ya dunia. Viti vinne vilivyobaki vingeamuliwa baadaye. Havikuamuliwa kamwe.

Utaratibu wa kujiandikisha unafaa kuangaliwa kwa makini, maana humo ndimo kura za Afrika zilimopotelea. Mtu alijaza fomu mtandaoni, kisha akasubiri barua ya kweli, ya karatasi, iliyoletwa na posta ikiwa na namba ya siri. Alipoipata, alirudi mtandaoni kuthibitisha uandikishaji wake, na siku za kura akarudi tena. Zaidi ya watu 150,000 walijaza fomu, lakini waliokamilisha hatua ya pili walikuwa takriban 76,000. Nusu nzima waliachwa njiani kabla kampeni haijafika popote.

Sasa mfikirie mwalimu wa sekondari Dodoma au karani wa Kisumu mwaka ule. Intaneti aliipata kwenye kafe, akilipia kwa dakika, kwa laini ya simu iliyokatika mara kwa mara. Sanduku lake la posta huenda lilikuwa la shule, la kanisa au la mjomba. Mawasiliano yote ya intaneti ya nje yalipitia setilaiti, kwa sababu nyaya za chini ya bahari hazikufika pwani ya Afrika Mashariki mpaka 2009. Hata barua pepe iliyotumwa Nairobi kwenda Nairobi, kutoka mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, ilivuka bahari kwanza na kurudi. Mwishoni mwa Novemba huohuo wa 2000, kampuni za intaneti za Kenya ziliungana kufungua kituo cha kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi ili kuondoa mzunguko huo wa gharama. Shirika la simu la taifa, lililokuwa na haki ya pekee ya kuuza mawasiliano ya nje, lililalamika, na kabla hata mwezi haujaisha tangu kifunguliwe, mdhibiti alikifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Hao waliopigania kituo kile walikuwa wakishiriki zaidi kuunda intaneti ya kesho kuliko wapiga kura wengi wa Ulaya, lakini hakuna daftari lililowahesabu.

Basi Waafrika 130 waliopiga kura mwaka ule hawakuwa wachache kwa uvivu. Kila mmoja wao alikuwa amevuka vikwazo ambavyo mpiga kura wa Tokyo hakuvijua. Huko Japani makampuni yaliwahimiza watu kujiandikisha, na kanda ya Asia na Pasifiki ikatoa kura 17,745. Ulaya ilitoa 11,309, nyingi za Wajerumani waliohamasishwa na magazeti yao. Amerika Kaskazini, kwao intaneti ilikozaliwa, ilitoa 3,449 tu, na hakuna aliyesema Wamarekani hawana haja na intaneti.

Matokeo yaliwashtua waliozoea kukubaliana vyumbani. Ulaya ilimchagua Andy Müller-Maguhn, kijana wa miaka 29 kutoka klabu ya wadukuzi ya Ujerumani iliyojulikana kwa kufichua udhaifu wa mifumo ya wakubwa. Amerika Kaskazini ilimchagua Karl Auerbach, mhandisi aliyekuwa mkosoaji mkali wa ICANN yenyewe. Asia ilimchukua Masanobu Katoh wa Fujitsu, na Amerika ya Kilatini ikamchukua Ivan Moura Campos wa Brazili. Afrika, kwa kura 67 kati ya 130, ilimpa kiti Nii Quaynor wa Ghana, aliyeacha kazi nzuri ya kompyuta Marekani akarudi Accra na kuiunganisha nchi yake na mtandao. Ukiniuliza mimi, hakuna kanda iliyochagua vizuri zaidi.

Auerbach aliingia na ombi moja rahisi: naomba kuona vitabu vya shirika ninaloliongoza. Alizungushwa kwa zaidi ya mwaka, akawekewa masharti, na Machi 2002 akaenda mahakamani Los Angeles. Julai mwaka huo jaji alimpa haki. Mkurugenzi aliyewekwa na kura alilazimika kulishtaki shirika lake ili asome hesabu zake, jambo ambalo wateule wa faragha hawakuona haja ya kulidai.

Lakini wakati jaji anatamka hukumu, uchaguzi wenyewe ulikuwa umekwisha kuzikwa. Kamati iliyoongozwa na Carl Bildt, waziri mkuu wa zamani wa Sweden, ilikuwa imependekeza Novemba 2001 kwamba kura ibaki kwa wenye majina ya tovuti, nao wajaze theluthi ya bodi. Hata hilo lilionekana kubwa. Februari 2002 rais wa ICANN, Stuart Lynn, alitoa ripoti akisema kuchagua wakurugenzi kwa kura ya dunia nzima hakutekelezeki. Mwezi uliofuata bodi ilikutana Accra, nyumbani kwa Quaynor, ikaamua kwamba uchaguzi mwingine hautafanyika.

Hoja ya Lynn haikuwa ya kipuuzi. Kura ya mtandaoni ingeweza kutekwa na kampuni kubwa au na taifa moja lenye hamasa, na Japani ilikuwa mfano tosha. Ila kasoro hizo zilihitaji fundi. Barua ya posta ingeweza kuachwa, kafe na vyuo vikatumika kuandikisha watu, idadi ya kura kutoka nchi moja ikawekewa mpaka. Hakuna lililojaribiwa. Badala yake iliundwa kamati ya ushauri ya watumiaji, na ilipofika 2010 tu ndipo watumiaji walipopata tena kiti kimoja cha bodi chenye kura, kinachojazwa na wajumbe wa vyama badala ya mtu mmojammoja. Mwaka 2016 Marekani ilipoachia rasmi usimamizi wake, mamlaka ya kuiwajibisha bodi yalikwenda kwa makundi ya aina hiyohiyo.

Quaynor hakususa. Aliendelea na kazi ya kuunda AFRINIC, shirika la kugawa namba za intaneti Afrika, lenye makao Mauritius, lililotambuliwa rasmi 2005. Humo kura zipo, lakini ni za wanachama wenye namba, hasa kampuni na taasisi. Katika miaka ya karibuni kesi za kugombea mali hiyo ya namba ziliiacha AFRINIC bila bodi, ikaendeshwa na msimamizi aliyewekwa na mahakama. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa kwa sababu ya hati za uwakilishi zilizotiliwa shaka, ukarudiwa Septemba, na bodi ikapatikana.