Randa Ndefu: Historia Tuliyojifunza kwa Ubao Mmoja Mpumudde

Tuko Mpumudde, hapa Jinja. Leo hatuandiki habari za kambi wala za safari. Tunaandika habari za ubao.

Shirika moja lilitupatia boksi la vifaa vya useremala. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Ila randa ilikuwa moja tu, fupi, kama sentimita 20 hivi. Tukapata oda ya meza ya mvule, mti ambao Busoga inajulikana nao tangu zamani. Ubao wa mita 4. Tulipiga randa siku mbili mpaka ukang'aa. Kumbe tulipoweka rula ndefu juu yake, mwanga ukapita chini: ubao mzima ulikuwa na mawimbi kama ziwa! Mteja akaukataa, hasara ikawa yetu.

Basi tukajiuliza, watu wa zamani waliwezaje?

Mafundi wa Misri ya kale hawakuwa na randa. Walichonga kwa tezo, kisha wakasugua kwa jiwe. Tezo hiyo mafundi wa majahazi kule Lamu na Zanzibar bado wanayo mkononi. Randa walikuwa nayo Warumi. Zimefukuliwa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79. Jina lenyewe, randa, Waswahili walilipata kwa Waajemi. Mwaka 1802 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kuranda. Baadaye katika karne hiyo Mmarekani Leonard Bailey akatengeneza randa za chuma, na umbo lake ndilo tunaloliona madukani hadi leo.

Lakini hata vifaa vilipobadilika, mafundi hawakuiacha randa ndefu, ya nusu mita na zaidi. Sababu ni rahisi. Randa fupi inashuka bondeni na kupanda mlimani, inafuata kila kosa la ubao. Ndefu inapita juu ya mabonde na kukata vilima tu. Ikianza kutoa maranda marefu yasiyokatika, toka mwanzo hadi mwisho, jua ubao umenyooka.

Na mashine je? Ubao wa mvule wa mita 4, upana sentimita 30 na unene sentimita 5, una karibu kilo 40 ukiwa mkavu. Ukiusukuma kwenye mashine ndogo ya nyumbani, ncha inaning'inia kwa uzito na kisu kinakula kupita kiasi pale mwishoni. Lazima uwe na stendi mbele na nyuma, za kimo sawa na meza ya mashine. Kama huna, uache ubao utulie, chombo ndicho kitembee.

Sasa hivi tunafanya hivi. Tunalaza upande wenye bonde chini, tunaweka kabari pale ubao unapocheza. Tunasimamisha vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila ncha, tunachungulia kimoja juu ya kingine: visipolingana, ubao umejipinda. Tunaranda kwa mshazari pembe zilizoinuka, halafu tunamalizia kwa urefu, kufuata nyuzi. Upande wa kwanza ukinyooka, ndio tunapima unene kutoka hapo na kugeuza.

Mpumudde maana yake "nimepumzika". Ni hapa alipofariki Omukama Kabalega wa Bunyoro, Aprili 1923, akiwa njiani kurudi kwao. Waingereza walikuwa wamemteka mwaka 1899 na kumhamishia Shelisheli. Sisi ambao nasi hatujafika kwetu, hilo jina tunalisikia kwa namna yetu. Ubao mzito unahitaji kupumzika sawasawa ndipo unyooke. Mtu pia.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Lakini ruhusa bila chombo kinachofaa inatuacha na hasara. Kwa hiyo kaka na dada zetu wa mashirika, tunawaomba kitu kimoja: kabla hamjajaza boksi, muulizeni fundi. Randa ndefu moja haidai umeme, na inabaki na mtu hata akihama tena.

Na ninyi vijana wenzetu, mkikutana na seremala mzee popote mlipo, kaeni naye. Mwulizeni ananyooshaje ubao mrefu, halafu mtuandikie.